Lami imefika Ifakara, baiskeli ipite wapi?

Tangu barabara ya Kidatu hadi Ifakara ifunguliwe kwa lami mwaka 2024, sijasikia mtu wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, akiitaja ila kwa shukrani, na shukrani hizo ni za haki. Kilomita 66.9 ambazo wakati wa masika ziliweza kummeza msafiri siku nzima, basi likizama na abiria wakishuka kusukuma, leo mtu anazimaliza na asubuhi bado ni asubuhi. Daraja jipya la Ruaha Mkuu lina mita 133. Kabla yake, mwaka 2018, daraja la Kilombero lenye mita 384 lilikuwa limeshatuachisha kivuko, miaka miwili baada ya MV Kilombero II kupinduka na watu. Hayo hakuna wa kuyabeza. Ninachobishana nacho ni sentensi moja inayofuatana na shukrani hizo, vijiweni na kwenye hotuba: kwamba sasa hata mwenye baiskeli amepata barabara. Hajapata. Alikuwa na barabara mbovu ambayo ubovu wake ulimlinda, maana lori nalo lilijikokota likikwepa mashimo. Sasa ana barabara nzuri ya watu wengine. Hoja yangu ni kwamba bonde hili linahitaji njia zake za changarawe zisizopitiwa na magari, kijiji hadi kijiji na kijiji hadi shamba. Sehemu kubwa ya njia hizo ipo tayari, imechongwa na matairi ya baiskeli zenyewe. Zisipowekewa mipaka katika miaka hii michache ambayo lami inaendelea kusogea, zitalimwa, zitakatwa viwanja, na wajukuu zetu watazinunua kwa fidia.

Simama Signali saa kumi na moja jioni wakati wa mavuno utaona ninachosema. Mama anatoka shamba. Gunia la mpunga limelazwa kwenye keria na kukazwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, jembe limechomekwa kwenye fremu, mtoto ameketi mbele. Honi ya Fuso inalia nyuma yake. Ukingo wa lami pale umeishia kwa ngazi, lami juu na udongo chini, kina cha kiganja hivi, kwa sababu mvua zimekwangua kifusi cha pembeni. Akibaki juu, yuko mbele ya lori. Akishuka huku anaendesha, tairi la mbele linapinda kwenye ngazi ile na gunia linamvuta upande. Wenye uzoefu hawachagui lolote kati ya hayo mawili: wanateremka, wanasukuma, wanaliacha Fuso lipite, wanapanda tena. Nilimhesabu mama mmoja akifanya hivyo mara tisa kabla hajakata kona kuelekea kwake. Mabega ya barabara yapo, hasa kwenye vituo vya biashara, lakini bega la barabara kwetu halina mwenyewe, kwa hiyo kila mtu ni mwenyewe: bajaji zinapaki, mahindi yanaanikwa, bodaboda zinapita upande usio wao. Sheria inasema mwendo ndani ya makazi usizidi kilomita 50 kwa saa. Makazi ya bonde hili yamejipanga kando ya barabara karibu urefu wake wote, Mkula, Sanje, Mang'ula, Mwaya, Kisawasawa, Kiberege, hivyo dereva anayeitii sheria neno kwa neno angekwenda 50 karibu tangu anapoianza safari mpaka anapoimaliza. Mnajua wenyewe kama anaitii.

Vijiji havikujipanga hivyo kwa uzembe wa mipango. Ni umbo la bonde. Upande mmoja ni ukuta wa milima ya Udzungwa, upande wa pili ni milima ya Mahenge, na katikati ni tambarare ya mafuriko ambayo mwaka 2002 iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 796,735. Kati ya mlima na maji unabaki ukanda mwembamba wa nchi kavu, na humo ndimo kila kitu kimebanana: barabara, reli ya TAZARA, miwa, nyumba, shule na makaburi. Watu wanaishi juu, wanalima chini. Kwa hiyo safari kuu ya bonde hili siyo ile ya Ifakara hadi Dar es Salaam inayotajwa kila barabara inapozinduliwa. Ni ya nyumbani hadi shambani, kilomita tano, nane, kumi na mbili, siku baada ya siku msimu ukiwa umekolea, na chombo chake tangu enzi za wazee wetu ni baiskeli. Tambarare yenyewe inaialika. Ndiyo maana nyuma ya nyumba za barabarani kuna mtandao wa pili: vijia juu ya kingo za mifereji, vijia kando ya reli, barabara za trekta katikati ya miwa, na vipande vya njia ya zamani vilivyoachwa barabara iliponyooshwa. Ni vyembamba, usukani unapita na kubakiza kama mkono mmoja kila upande. Kiangazi vinang'aa kama sakafu iliyosiribwa. Humo huwezi kusikia honi, unasikia keria inavyolia na watu wakisalimiana bila kusimama.

Mtandao huu haumo kwenye daftari la ofisi yoyote. TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ina barabara kuu na za mikoa. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017, ina zile za chini yake, zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, nyingi zikiwa za udongo. Baada ya hapo kinachobaki ni kumbukumbu za wazee kwamba hapa palikuwa na njia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani ardhi inayotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 45 hadi mita 60, na sote tunajua ile alama nyekundu ya X ukutani, ya nyumba ya kubomolewa, ina nguvu gani. Njia ya baiskeli haina hata sentimita moja ya hifadhi. Ng'ombe wana njia zao, zinachorwa kwenye mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, na ni vizuri zichorwe. Tembo nao walifikiriwa: pale ushoroba unaounganisha Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ulipokatwa na barabara hii, imejengwa njia ya tembo kupita chini ya lami. Siwaonei wivu tembo. Ile ni kazi nzuri na inatupa heshima. Nasema tu kwamba aliyeweza kumfikiria mnyama anayeikata barabara usiku mmoja mmoja angeweza pia kumfikiria mama anayeifuata barabara hiyohiyo kilomita nane kila siku.

Nikiyasema haya huwa naambiwa nimeiga mambo ya Wazungu, kwamba njia ya changarawe isiyo na magari ni starehe ya watu waliokwisha kushiba. Mfano unaotajwa sana ni Katy Trail, inayofuata bonde la mto Missouri nchini Marekani: zaidi ya kilomita 380 za mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, wastaafu na familia wakiendesha taratibu. Ni kweli, kwao ni starehe. Lakini kinachotuhusu ni jinsi ilivyopatikana. Ilikuwa reli, na kampuni iliyoimiliki iliacha kuitumia mwaka 1986 baada ya mafuriko. Wenye mashamba ya pembeni walitaka ardhi irudi kwao, na katika majimbo mengi ya kule reli ikishaachwa madai kama hayo huwa na nguvu. Kilichoiokoa ni kifungu cha sheria ya shirikisho cha mwaka 1983 kinachoruhusu mkondo wa reli iliyoachwa utunzwe ukiwa mzima kwa kutumika kama njia ya miguu na baiskeli, ili siku reli ikihitajika tena ardhi iwepo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikikubali kifungu hicho mwaka 1990, katika kesi iliyotoka jimbo la Vermont, huku ikiwaachia wenye ardhi nafasi ya kudai fidia, na mwaka huohuo kipande cha kwanza cha Katy Trail kikafunguliwa Rocheport. Mafuriko makubwa ya 1993 yaliivunja vibaya, ikatengenezwa. Ukiondoa wastaafu na kofia zao za plastiki, unabaki na jambo la ardhi tu: mstari mrefu ukiwa mzima unalindika kwa kifungu kimoja cha sheria, ukishakatwa vipande mia unahitaji kesi mia.

Sasa niingie kwenye pingamizi, nianze na lile dhaifu kuliko yote, ambalo kwa bahati mbaya ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa: baiskeli imepitwa na wakati, kijana wa leo anataka bodaboda. Anayesema hivyo amewahesabu vijana waliosimama kijiweni, hakuwahesabu wanaopita nyuma ya nyumba saa kumi na mbili asubuhi. Bodaboda imechukua safari za kulipia, za hospitali, stendi na harusini, na imezichukua kwa haki maana inawahi. Safari ya shamba haijaichukua, kwa hesabu ambayo mkulima yeyote anaipiga kichwani. Chukulia nauli ya shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, kwa siku 60 za palizi na mavuno: ni shilingi 240,000, na mpunga haujafika hata mashineni. Baiskeli kuukuu anayo tayari, na fundi wa chini ya mwembe anamzibia pancha kwa pesa ya maandazi. Tena hoja hiyo inajichanganya yenyewe. Ikiwa baiskeli zinaonekana kupungua juu ya lami, jambo la kwanza la kuuliza ni zimehamia wapi, kabla ya kusema watu wamezichoka. Wengi wamehamia kwenye vijia ninavyovisema. Wengine, hasa wanafunzi wa sekondari za kata wanaotoka vijiji vya mbali, wazazi wamewakataza, na hao sasa wanatembea.

Pingamizi la fedha ni zito zaidi. Wakala wenye kilomita 144,000 mikononi hauongezewi mzigo kirahisi, na kuna vijiji ambavyo gari la wagonjwa bado haliingii. Huwezi kumwambia mtu wa huko kwamba njia ya baiskeli itangulie. Siwezi, na sitaki. Ila watu wanaikadiria njia hii kana kwamba ni barabara iliyopunguzwa upana, nayo ni kitu kingine kabisa. Barabara ya changarawe yenye upana wa mita 6 na tabaka la sentimita 15 inakula mita za ujazo 900 za kifusi kwa kila kilomita. Njia ya upana wa mita 2 na tabaka la sentimita 10 inakula 200. Kwa tipa la mita za ujazo 10, ni safari 90 dhidi ya safari 20. Tofauti kubwa zaidi huonekana baada ya mkandarasi kuondoka. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yaliwaachia wahandisi kanuni wanayoitumia mpaka leo: uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito ukizidi mara 2, uharibifu unazidi mara 16. Ekseli ya lori yenye tani 10 inaizidi ya baiskeli iliyobeba gunia kama mara 100 kwa uzito, kwa hiyo inaizidi kama mara milioni 100 kwa uharibifu. Kanuni hiyo ilitoka kwenye lami na zege, sitaivuta mpaka isikofika, lakini maana yake kwa njia ya kifusi kila mtu anaiona kwa macho: mahali gari halipiti, anayeiua njia ni maji peke yake. Ukishayapatia maji pa kwenda, kwa kuinua mgongo wa katikati kidogo, kuchimba mitaro na kuweka makalavati madogo, kinachobaki ni kufyeka majani na kujaza vishimo kwa beleshi. Kazi hiyo kijiji kinaiweza.

Jambo moja la kifundi lisipuuzwe, maana nimeona fedha zikipotea hapo. Kokoto za mtoni hazifai. Maji yamezilainisha, hazikamatani, na tairi jembamba linazama kama kwenye mchanga wa pwani. Mwendesha baiskeli ataiacha njia yako mpya na kupita kando yake kwenye majani. Kinachotakiwa ni mchanganyiko wa vijiwe vyenye kona na unga wa kutosha kujaza nafasi, umwagiwe maji na kushindiliwa. Chokaa ya Missouri inafanya kazi hiyo vizuri, na moramu nzuri nayo inaifanya.

Pingamizi linaloninyima usingizi ni lingine: ukitengeneza njia nzuri, bodaboda zitaingia. Zitaingia, ndiyo. Nchi nyingine hutatua hili kwa nguzo mbili zilizosogezwa karibu ili pikipiki isipenye. Huku haiwezekani, na sababu inachekesha kidogo: baiskeli yenye magunia mawili ubavuni ni pana kuliko pikipiki. Nguzo itakayoizuia bodaboda itaanza kwa kumzuia mkulima. Na hata ingewezekana, ipo siku bodaboda ndiyo itakayombeba mama mjamzito kutoka ng'ambo ya mfereji saa nane za usiku, na mimi sitaki niwe niliyeweka nguzo. Kwa hiyo naona tuache kuota njia isiyo na injini kabisa. Nguzo moja katikati, imara, inatosha kuzuia gari, trekta na tela, ambazo ndizo zinazopasua njia. Bodaboda iachiwe sheria ndogo ya kijiji: mwendo wa baiskeli, hakuna kuipita baiskeli kwa honi, faini iingie kwenye kufyeka majani. Halmashauri za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, na zimezitunga za mbuzi wanaozurura na za pombe saa za kazi. Itavunjwa? Mara nyingi. Lakini kuvunja sheria mbele ya wenyeji wanaokujua kwa jina la baba yako ni tofauti na kuivunja kwenye lami ya watu wasiojuana.

Kuhusu mafuriko, wataalamu wa mazingira wana hoja ambayo wapenda njia tunapaswa kuimeza. Ukiinua tuta refu kukatiza tambarare ili njia ipitike masika, umejenga ukuta: maji yatarundikana upande mmoja, mpunga wa upande wa pili utakauka, na samaki wanaopanda mabondeni kutaga watagonga udongo. Kilombero inaishi kwa kufurika. Njia ya baiskeli hapa ikae chini, iache maji yapite juu yake kwenye drifti za mawe, yaani vivuko vya chini vilivyotandikwa mawe, mahali palipochaguliwa, na ikubali kwamba kuna wiki kati ya Machi na Mei ambazo vipande fulani havipitiki. Mkulima wa Kilombero hataishangaa habari hiyo. Wiki hizo hata shamba lenyewe halifikiki bila mtumbwi. Upande wa mlimani, ambako mito inateremka Udzungwa kwa kasi, panahitajika vidaraja, na hapo gharama ni ya kweli. Ila kidaraja cha kubeba baiskeli na mtu si kidaraja cha kubeba tani 30.

Ya watalii nayamaliza kwa haraka. Mashindano ya baiskeli za changarawe yamekua, Kenya wana Migration Gravel Race kule Mara tangu 2021, na jina la marehemu Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya aliyefariki mashindanoni Vermont mwaka 2022, linatukumbusha kwamba vijana wetu wanauweza mchezo huu hadi ngazi ya dunia. Mang'ula, chini ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa na jirani na maporomoko ya Sanje, ingenufaika na mgeni anayekaa siku ya pili kuzunguka vijijini. Hiyo iwe faida ya ziada. Njia ikibuniwa kwa ajili ya mgeni itapita penye mandhari nzuri na kukwepa penye gunia, na mgeni asipokuja mwaka mmoja hakuna atakayefyeka majani.

Kwa nini nasema miaka hii michache? Kwa sababu bonde linaongezewa kasi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mazungumzo ya lami sasa yamehamia kwenye barabara ya kwenda Mlimba na ile ya kuvuka daraja kuelekea Lupiro na Malinyi. TAZARA nayo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kusinzia miaka mingi, iko kwenye mpango wa kufufuliwa na kampuni ya Kichina. Treni zikianza kupita mara kwa mara na kwa kasi, kijia cha kando ya reli kitafungwa, na kitafungwa kwa sababu nzuri za usalama. Mwendesha baiskeli atakuwa ametolewa juu ya lami kwa honi na kando ya reli kwa uzio ndani ya kizazi kimoja, bila ofisi yoyote kuwa imekusudia kumtoa. Kisheria kinachohitajika ni kidogo: katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kila kijiji, penye njia ya mifugo paongezwe mstari wa njia ya baiskeli wa mita 4, mita 2 za kupita na moja kila upande ya mtaro na kivuli, na kila mkataba mpya wa barabara umtake mhandisi aukague mstari huo na kuuwekea kivuko pale barabara inapoukata. Ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye kifaa cha setilaiti cha kupima mahali (GPS) na mzee mmoja anayezijua njia, ikifanyika kabla ya wapima viwanja hawajafika. Wapima viwanja hufuata lami kwa karibu sana.

Kiangazi kilichopita nilipita nyuma ya reli kati ya Kiberege na Signali kwa baiskeli ya kuazima. Sehemu moja kijia kimekatwa na migomba sita iliyopandwa katikati yake, michanga bado, imewekewa samadi na kuzungushiwa miiba. Baiskeli zimeshachora kona mpya kuizunguka, zikilazimika kushuka mpaka kwenye ukingo wa mfereji. Nilimkuta mwenye migomba akimwagilia. Nilimuuliza kama alijua pale panapita watu. Alinitazama kwa mshangao. "Kupita wanapita," alisema, "ila mwalimu, nani alisema ni njia?"